Tika ya Bibi wa Omo

Kisa hiki nimekikalia miaka mingi, na hata sasa nikianza kukisimulia uso unaniwaka, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema, maana mwisho wake haunichekeshi mimi.

Mnajua Wahindi wa Mombasa tulivyoingia London wakati ule, masanduku mkononi na pasipoti za Kiingereza mfukoni, tukijiona Waingereza kamili (kumbe Waingereza wenyewe hawakuwa na habari hiyo). Mimi Kishor, fundi seremala mtoto wa fundi seremala, nilizunguka karakana baada ya karakana nikiambiwa nafasi imejazwa asubuhi hii hii, mwisho nikaangukia kufagia kiwanda cha biskuti, huku mama yangu, mjane, akishinda peke yake kwenye chumba chetu cha kupanga pale Kilburn, hana wa kuzungumza naye ila sufuria zake. Ndipo nikapata kibarua kwenye karakana moja karibu na mto, upande wa Deptford. Walikuwa wanaunda omo ya meli, yaani sehemu ya mbele tu, kwa ukubwa wake wa kweli, iwekwe kwenye ukumbi wa maonyesho. Meli yenyewe ni ya karne ya kumi na nane, zile zilizokuwa zikizunguka dunia kuchora ramani za nchi za watu.

Bosi wetu, Bwana Pettit, alituambia tangu mwanzo kwamba meli ile ilianza maisha yake ikibeba makaa ya mawe, na ndiyo sababu wapelelezi wa bahari waliipenda: tumbo pana la kujaza chakula cha safari ndefu, chini bapa ili ikikwama mchangani isilale ubavu, na omo butu, nene, isiyo na pambo lolote. Meli za makaa hazikuwekwa sanamu. Lakini wafadhili wakauliza, sasa watu wakija watapiga picha nini? Basi ikaamuliwa awekwe mwanamke wa mbao, kifua mbele, nywele zikipepea nyuma, kama wale wa meli za fahari za enzi hizo. Tukamwita Bibi wa Omo. Nywele zake na mikunjo ya gauni nilichonga mimi, na Pettit akaniambia, "Ufunguzi ukienda salama, Kish, nakuandika kazi, fundi kamili." (Kishor lilikuwa refu mno kwa ulimi wake.) Siku hiyo nilirudi Kilburn kama nimeota mbawa.

Nikamwambia mama, nikamwalika, na yeye badala ya kufurahi akauliza, "Nazi atavunja nani?"

"Hapa hawavunji nazi, mama."

"Sasa hiyo meli wataifunguaje?"

Kwetu sisi kitu kipya hakianzi kazi bila nazi na tika, ile alama nyekundu ya baraka tunayopaka kwenye paji la uso. Duka, gari, mashine ya kushona, vyote vilipakwa. Mjomba wangu aliyekuwa akiunda mashua pale Mombasa hakuthubutu kuishusha hata moja majini kabla mama hajaja na nazi yake, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ambayo watu waliwahi kumngojea aje aifanye.

Siku ya ufunguzi tulifika mapema. Mama alivaa sari yake nzuri kuliko zote, juu yake koti langu la mvua, na mkononi mkoba mkubwa ambao nilipaswa kuupekua lakini sikuupekua. Wageni walikuwa chumba cha pili wakinywa chai, na Bibi wa Omo amefunikwa shuka la bluu. Mama akafungua mkoba, akatoa kijaluba cha unga mwekundu, chupa ya mafuta, na nazi aliyoinunua kwa Mjamaika sokoni. Nikamwambia nazi hapana, hata kwa dawa. Akanywea kabisa. Nikamwonea huruma, nikasema haya, tika basi, ndogo, kama punje ya dengu, chini ya shuka, nani atajua? Mwenyewe niliyataka.

Kumbe jana yake jioni, mimi nimeshaondoka, Pettit hakupendezwa na mashavu ya bibi, akampaka upya uso mzima, na rangi haikuwa imekauka. Mama akapanda ngazi, akachanganya unga na mafuta, akabonyeza kidole gumba, kidole kikazama. Akataka kufuta kwa ncha ya sari, wekundu ukashuka mpaka puani. Nikapanda mimi kusaidia (fundi mkubwa), nikafuta kwa mkono wa shati, jicho moja likaondoka nalo. Mara tukasikia viatu vinakuja, tukateremsha shuka, tukashuka mbio, nikamwomba mama asimame nyuma asiguse kitu.

Meya alihutubia ushujaa wa mabaharia, kisha akavuta kamba. Bibi akatokea mwekundu kuanzia paji la uso hadi kidevu, chongo, kama mtu aliyetoka kupigwa. Ukumbi ukanyamaza kimya. Lakini mama, Mungu amrehemu, akadhani kimya kile ni cha heshima na kwamba wanangoja mtu, basi akapita katikati ya wageni bila haraka, akainua nazi kwa mikono miwili, akaipasua kwenye omo. Ule mlio, ndugu zangu. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, meya akajikunja nyuma ya kiti, na maji ya nazi yakamlowesha mpaka mkufu wake wa cheo.

Mlinzi akamshika mama mkono. Nikasikia mtu nyuma yangu, "Tumewapokea, na haya ndiyo malipo yake." Na Pettit, masikio yamemwiva, akanigeukia.

"Kish, unamjua mama huyu?"

Kabla sijajibu, karani wa meya, Mhindi wa Bombay, akamwendea mama akamuuliza kwa Kigujarati kaletwa na nani. Mama akajifanya hasikii. Akawa anamtazama yule bibi wa mbao, hanitazami mimi, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesali, "Wewe hunijui. Ukifungua mdomo sikusamehi. Shika kazi yako."

"Si Kigujarati," karani akawatangazia wote. "Sijui ni lugha gani. Nadhani kachanganyikiwa."

Mama naye akamalizia kwa kile Kiingereza chake kidogo, "I come alone. Door open, I come."

Pettit bado ananingoja. Nikatikisa kichwa, simjui. Wakamtoa nje wakimshika huku na huku, mimi nikabaki nimepiga magoti nikiokota vifuu, maana ndiyo kazi niliyoamriwa, na machozi nikayasingizia vumbi la mbao.

Nilipofika nyumbani aliniuliza jambo moja tu, kama kazi nimepewa. Nikasema nimepewa. Akawasha jiko akapika halua.

Jumatatu Pettit, ambaye lawama zote alimtupia yule mama wa nazi, aliniandika fundi kamili, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumkwangua bibi uso. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya mti, ikabidi nikwangue mpaka mbao tupu, na wenzangu wakiuliza yule mwendawazimu alitaka nini, wewe si ndio watu wako, nikawaeleza habari za nazi na tika kama mtu aliyezisoma gazetini, tukacheka pamoja. Walilalamika kwamba ameichafua historia. Wao, waliobandika mwanamke kwenye meli ya makaa ili wafadhili wapate picha. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata hilo sikulisema, nilikuwa mgeni kazini.

Tangu hapo niliapa sitamleta mtu wangu kazini kwangu, na kiapo hicho sijakivunja hadi nimestaafu. Mama hakuomba kwenda tena. Mara moja tu, tunakula, aliniuliza kama yule bibi bado ana tika yake. Nikamwambia anayo, mama, na watu wanaipenda.