Pumzi ya Bibi Ndeshi

Nakumbuka mchana ule chumbani kwangu Shirimatunda, ingawa ningependa kuusahau. Mdogo wangu, sijafikia umri wa kumwita mtu mwanangu, lakini nawe umeanza kujifunza kurekodi kwa kutazama video, kama mimi, kwa hiyo nisikilize.

Bibi Ndeshi, wa kule Kilema, alikuwa anaiaga kwaya. Kifua kilimsumbua, na familia ilitaka wimbo wake mmoja ubaki. Nilirekodi sauti yake peke yake, ngoma peke yake, wanakwaya peke yao. Chema chajiuza, wanasema, lakini mimi sikuwa na uhakika kama nilichorekodi ni chema. Nikaweka kompresa kwenye kila kimoja. Kompresa hubana sauti inapopanda. Nikashusha kizingiti, yaani pale kubana kunapoanzia, kisha nikaongeza sauti yote kufidia kilichobanwa, hata sauti ndogo zikapanda. Nikageuza kitufe cha kasi ya kubana, ngoma ikafa. Nikakirudisha, ikafufuka, au nilidhani imefufuka. Nilisikiliza mpaka sikujua tena ninachosikia.

Bibi akaja na binti yake. Nikamwamkia, nikawasha wimbo.

"Nani huyo anahema?" akauliza.

Binti yake akanigeukia. Ikabidi nijibu mimi. "Ni wewe, Bibi."

Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. "Mimi niliimba ndizi na nyama," akasema. "Wewe umeniletea mtori, kila kitu kimepondwa. Na mtori ni wa mzazi na mgonjwa, mjukuu wangu. Kuzaa nimeshamaliza."

Binti yake akacheka. Mimi sikuweza.

Nikazima kompresa zote. Sauti ikawa ndogo, ikipanda na kushuka, pumzi ikarudi nyuma ya maneno.

"Huyo namjua," Bibi akasema.

Baadaye nilirudisha kompresa moja tu, kidogo, pale anapopaza sauti ghafla. Hata hiyo sijui kama ilistahili. Bado nachanganyikiwa.

Lakini hili nalishika, nawe lishike: kabla hujagusa kitufe, sikiliza sauti ilivyo, useme kwa mdomo wako ni nini kinachokusumbua. Ukikosa jibu, iache. Ukilipata, bana kwa ajili ya hilo tu, kisha linganisha kabla na baada kwa ukubwa uleule wa sauti, maana kinachosikika zaidi hudanganya. Na mwenye sauti muulize mapema, si mwishoni kama mimi.

Mungu akujalie masikio yenye subira, na pumzi ya mtu isipotee wala isizidi mikononi mwako.