Njia Iliyoelekezwa kwa Miwa

Kaka yangu mkubwa alikuwa na maneno mawili ambayo nikiyasikia leo kwa mtu yeyote, hata karani wa posta, damu inanichemka. Maneno hayo ni "kidogo tu". Ngoja mvua ipungue kidogo tu. Ngoja trekta ya pili ipone kidogo tu. Ilikuwa miaka ile ya sukari, watu wa Musanda wamepanda miwa hadi mlangoni. Kaka alikuwa na matrekta mawili ya kusomba miwa na pikapu ya kijani, akaamini kwamba dunia nzima ipo kumngoja yeye.

Mama hakuwa na nafasi ya kungoja. Daktari wa macho katika hospitali ya misheni alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kuharibika hakirudi, na kama kuna kitu mama anapenda kukitazama, akitazame mapema. Nilimuuliza anataka kuona nini. Nilidhani atasema wajukuu.

"Nataka kuona mbali," akasema.

Alizaliwa Lugari, kwenye shamba la mzungu ambako babu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Kule, alinieleza, kuna mahali njia inapanda mwinuko, na ukifika juu unaona mashamba yametandazwa mbele yako bila kitu cha kukuzuia. Alipokuja kuolewa alipita hapo kwa miguu, akasimama, akageuka akatazama kwao mara ya mwisho. Sasa hapa kwetu akitoka jikoni anakutana na miwa. Akienda kisimani, miwa. Hata kanisani madirisha yalitazama miwa. Alitaka tumpeleke kwa njia ileile ya ndani, si ya lami, aone tena pale juu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, basi nikajifanya bingwa wa safari. Nikapanga tuondoke alfajiri, chai iwe kwenye chupa, kuku awe ameshachemshwa, tusimame kila atakapotaka mama. Kilichobaki ni njia. Dereva wa trekta ya kaka aliwahi kufanya kazi upande wa Butali na alizijua njia za ndani kama viganja vyake. Aliketi barazani kwetu akanitajia, nami nikaandika vilevile alivyotamka:

"Ukitoka Butali shika ile ya udongo. Enda mpaka ukute miwa mirefu imeraria barabara, hapo pinda kuria. Ukipita yenye imechomwa, shika kushoto. Mbere utaona miwa changa, ya magoti. Hapo sasa unapandanga tu mpaka juu."

Niliandika yote hayo bila hata kukunja uso. Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha watoto kusoma ramani! Lakini ndivyo tulivyoelekezana wakati ule. Mgeni aliambiwa nyumba yetu iko baada ya miwa iliyokatwa, akafika. Hakuna aliyekumbuka kwamba miwa haikai mahali pamoja kama mto au kanisa.

Laiti tungeondoka wiki ile! Kaka akasema kiwanda kinataka miwa. Likizo ya Agosti nikarudi na kuku wangu, akasema mvua imeharibu barabara. Desemba tulikuwa tumeshavaa, mama na kitambaa chake cheupe kichwani, ndipo akaja mtu kusema trekta imekwama shambani. Kaka akaenda na pikapu. Mama akavua kitambaa, akakikunja, akaniambia nisimkasirikie. Nilimkasirikia. Nilitupa chupa ya chai uani ikapasuka, na kaka aliporudi jioni akauliza tu kama kuna chakula.

Tuliondoka mwaka uliofuata, na hata hapo ni kwa sababu kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo. Tulikaa watatu mbele: kaka kwenye usukani, mimi katikati, mama dirishani kushoto. Mpaka Butali mambo yalikwenda sawa. Tukashika ile ya udongo, nikatoa karatasi yangu, nikaanza kutafuta miwa mirefu iliyolalia barabara.

Palikuwa na visiki vya miwa tu. Palipoandikwa pamechomwa, sasa miwa ilikuwa imetupita vichwa. Miwa michanga ya magoti ilikuwa kila mahali, pande zote mbili. Tulipinda hapa, tukarudi kule, tukapita mbele ya kioski kimoja mara tatu mpaka mwenyewe akaanza kutupungia mkono. Saa tisa alasiri ilitukuta bado tunazunguka. Kaka akasimamisha gari, akashuka kwenda kuwauliza wakata miwa waliokuwa upande wa pili wa shamba.

Hapo tulipobaki palikuwa pamekatwa, na kwa mbali milima ilionekana, ya buluu, mizuri ajabu.

"Mama, tazama ile milima!"

"Eh. Ni mizuri," akasema, akitabasamu. Alikuwa ameelekeza uso kwenye dashibodi.

Nilipitisha mkono mbele ya macho yake. Hayakupepesa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mahindi yalipopandwa." Alishika mkono wangu akaushusha. "Usimwambie kaka yako. Akijua atageuza gari. Nipelekeni tu. Pale juu nitapajua, upepo wake naujua. Nataka kusimama pale."

Nikasema sawa. Nilikuwa nikija nyumbani kila mwisho wa mwezi na sikuona kitu. Lakini hilo sikutaka kulifikiria, kwani kumlaumu kaka kulikuwa rahisi zaidi.

Alirudi anacheka. "Wanasema ni hapo tu! Tunapita hiki kilima kimoja, kinachofuata ndicho." Akaingia, akapiga stati. "Mmeona? Tungengoja miwa yote hii ikatwe, hata tusingepotea."

Nikalipuka. Nilimuuliza atangoja mpaka lini, na mama ameshakuwa kipofu. Nilimwambia macho ya mama yameliwa na matrekta yake. Nilitaka imuume, na nilichagua kila neno liume. Mama alikuwa akinivuta nguo, sikunyamaza.

Kaka aliweka mikono juu ya usukani akakaa. Kisha akasema polepole, na hakusema kwa ubaya, "Sasa kama haoni, tunaenda kumuonyesha nini?"

Akageuza gari. Ningeweza kusema neno moja, twende tu, amesema anataka kusimama pale. Lakini nilikuwa nikimtazama kaka akifuta machozi kwa mkono wa shati, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Hakuna aliyemwambia mama kitu. Gari lilirusha mawe, tukaenda.

Baada ya muda mama aliinua mkono akagusa shavu lake la kushoto, halafu la kulia.

"Jua lilikuwa huku," akasema. "Sasa liko huku."

Akanigeukia mimi, si kaka.

"Nilikuambia usimwambie."