Kinyozi wa Redio za Dunia

Kinyozi wa mtaani kwetu ana redio za dunia nzima kwenye simu, na spika juu ya kioo. Ukikaa kitini, kabla hajakuuliza unataka mtindo gani, anakuuliza unataka nchi gani, maana mashine yake inafuata mdundo. Ngoma za Brazili zitakuachia ngazi kisogoni. Jirani yake wa ukuta mmoja, kinyozi hamjui hata jina, lakini mtangazaji wa Mongolia akikohoa, yeye humpa pole.

Jumamosi alikaa bwana harusi, gari la maua likimsubiri nje. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshanyolewa mtandao ulipokatika katikati ya wimbo wa Ajentina. Kinyozi akaganda, mashine hewani, kidole cha mwisho kimesimama kama antena.

"Kaka, malizia basi, bibi harusi ameshafika!"

"Siwezi, shemeji. Nikianza na wimbo huu nikamaliza na mwingine, masikio yako hayataelewana."

Sisi wa kwenye benchi tukamwambia amalizie kimyakimya. Alitutazama kana kwamba tumemwambia anyoe kwa meno. Bwana harusi akajiangalia kiooni, upande mmoja bwana, upande mwingine kichaka. Akaanza kuuimba wimbo ule mwenyewe: "La la laa..."

Mashine ikanguruma, ikapita mstari mmoja, ikazimwa.

"Unakimbiza," kinyozi akasema, akimnyanyua kidevu. "Huu ni wimbo wa mapenzi. Unaoa au unatoroka? Haya, toka mwanzo."