Ngisi Aliyelala Kaagya

Asubuhi hiyo Protase Lwakatare alikwisha kwenda barabarani mara nne, na mara zote nne alirudi uso umekunjamana. Mkewe Felicitas, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko, hakuinua kichwa.

"Ta Protase, barabara utaichimba."

"Yunus amesema saa tatu. Zamani mtu akisema saa tatu ni saa tatu."

"Zamani hamkuwa na saa."

Miaka thelathini Protase alikuwa muosha chupa katika maabara ya shule moja mjini Bukoba, na kila kitabu kilichotupwa kwa kuchakaa alikibeba hadi kijijini kwake, Kaagya, akakisoma mpaka jalada likaachia. Sasa presha ya macho ilikwisha kulizima jicho lake la kulia, na la kushoto, daktari alisema, lisingemaliza mwaka. Kabla halijazimika alitaka kuona kitu kimoja alichokisoma ujanani: kwamba baharini wamo ngisi na samaki wanaofuga mwanga. Mwanga si wao. Ni wa bakteria, vijidudu vinavyokaa katika kifuko mwilini mwao. Mwenyeji huvilisha, navyo humwangazia tumbo ili kivuli chake kisimfichue kwa maadui walio chini. Hata ngisi aliyekufa, usipomwosha, vijidudu vya bahari huweza kumwakia ngozini.

Protase hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia. Huo ni undugu wa kuchanjiana, alisema. Yeye na Yunus Muksini, dereva wa lori ambaye babu yake alitoka Pangani, waliufanya wakiwa vijana: wakachanjwa kitovuni, damu ikapakwa kwenye punje mbili za kahawa zilizotoka tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo kila mmoja alimwita mwenzake omunywani. Siku hizi vijana hufanya urafiki kwa kubonyeza simu, na kwa kubonyeza huuvunja.

Pikipiki ikasimama. Yunus, aliyetoka harusini Pangani, akashuka na ndoo ya barafu.

"Wako watano. Ndani ya basi watu wamehama viti."

"Hukuwaosha?"

"Ulisema nisiwaoshe. Aibu ni yako, mimi nimekubebea tu."

Felicitas akaja akijifuta mikono. "Nitawapika na ndizi."

"Hapana! Wakae kwenye maji ya chumvi, gizani, mpaka kesho."

Felicitas akamkazia macho. "Alicholeta omunywani hakilali, huliwa siku ileile. Si ni wewe uliyemfukuza Kamala mezani, mwanao wa kumzaa, siku ya Krismasi, kwa kumlaza kuku wa Yunus kwenye friji?"

Yunus alicheka. "Leo umepatikana!" Kisha akaacha kucheka. "Lakini omunywani, kikilala, mimi sikuleta kitu."

Miaka ishirini Protase alihubiri juu ya mila zilizotupwa; leo mahubiri yalimrudia mwenyewe.

"Pika," alisema. Akaichukua ndoo aipeleke jikoni mwenyewe, lakini kwanza akapitia stoo ya kahawa nyuma ya nyumba. Beseni la maji ya chumvi lilikuwa tayari tangu alfajiri. Akamwacha humo ngisi mmoja, akafunga mlango.

Walikula. Yunus alisimulia harusi. Protase alitafuna bila kuonja, macho kwenye mlango wa stoo. Yunus alipomaliza alinawa, akasema polepole:

"Wanne."

Akaondoka. Hakukubali hata kusindikizwa.

Kesho yake asubuhi Protase aliingia stoo, akaziba mianya kwa magunia, akangoja. Kwanza hakuona kitu. Kisha vikatokea vidoa vya buluu, baridi, mgongoni mwa ngisi. Aligeuza kichwa huku na huku, maana jicho lake lilikwisha kuzoea kumdanganya. Vidoa havikuhama. Akagusa, kidole kikatoka kinang'aa.

Alitaka kupiga kelele, akakuta hana wa kumpigia. Miaka hamsini Yunus alimbishia kwamba mianga ya baharini ni majini. Alimpigia simu, simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa.

"Unakwenda wapi na uvundo huo?" Felicitas aliuliza.

"Kwa mwenyewe."

Yunus alikuwa amekaa kibarazani kwake, Kahororo. Hakuinuka. Protase aliitua ndoo miguuni pake.

"Nilikuibia mmoja, akalala kwangu. Ukitaka tuvunje, tuvunje. Lakini kwanza ingia ndani nami tufunge madirisha. Jicho hili halingoji."

Yunus alitikisa kichwa. "Mzee mzima, mwizi wa ngisi."

Lakini aliinuka. Chumbani Protase alifunga dirisha la barazani, akafunua ndoo, akasogea kando. Alisikia pumzi za mwenzake tu, zikikaribia ndoo, zikasimama. Kisha sauti ya Yunus ikatoka chini, kama ya mtu aliyepiga magoti:

"Funga na lile la uani."