Udongo na Chai ya Rangi

Nikipita sokoni nikasikia harufu ya udongo wa kuchoma, ule wanaouziwa wajawazito, mwili unanisisimka mpaka leo. Ndivyo alivyonukia mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu, tukikaa mtaa wa Mabawa, nami nikiwa ndiyo kwanza naanza shule.

Aliuficha kwenye pindo la khanga na kuutafuna taratibu kama biskuti. Jirani yetu Mama Saumu alipomfuma alicheka, lakini nilimsikia akimnong'oneza shangazi, "Huyu si bure. Udongo umeshaanza kumwita." Nilielewa kaburi.

Kliniki, muuguzi alimvuta mama ngozi ya chini ya jicho, akachungulia. "Humu hamna damu, dada. Utajifungua kwa damu ipi?" Akampa vidonge vyekundu vya madini ya chuma.

Tangu hapo, mama akijilaza mchana, nilimnyatia nikamvuta jicho kama muuguzi. Ndani kulikuwa kweupe kama nyama ya dafu. Niliogopa kutazama, nikaogopa zaidi kuacha. Vidonge vilipungua, weupe haukupungua.

Kumbe alikuwa akivimeza kwa chai ya rangi, nzito, maana kwetu chakula hakishuki bila chai, na maji alidai yanamwachia ladha ya kutu. Aliporudi kliniki, muuguzi akamuuliza, "Unavimezea nini?"

"Chai."

Muuguzi akashika kiuno. "Chai inakizuia chuma kisiingie mwilini, na huo udongo vilevile. Meza kwa maji, kisha ule chungwa."

Baba akaleta machungwa ya Muheza gunia zima, utadhani tunafungua genge. Udongo mama aliuacha kwa kinyongo. Mimi niliendelea kuvuta jicho, hadi mchana mmoja nikaona wekundu hafifu. Nilitoka nje, uani, nikalia kwa woga wote niliokuwa nimeubana.

Mdogo wangu alizaliwa salama. Ukubwani nilijifunza kwamba mwili uliopungukiwa chuma mara nyingi ndio humtia mtu hamu ya udongo. Hakuna kaburi lililomwita. Lingine nimelijua mwaka huu tu, nami nina mimba. Mama aliniambia hakuwa akilala michana ile. Alifumba macho akinisubiri. Kioo hakuthubutu kukitazama, basi alisikiliza pumzi zangu nikimchungulia jicho, ajue kama atapona.