Kengele ya Aliyefika Mwisho

Juzi mnadani Segese nilishika kengele ya ng'ombe. Ukanda wake wa ngozi ulinuka jasho kavu na samli, na hasira ikanipanda, nikaitupa juu ya turubai.

"Vipi mama, ina kasoro?" muuzaji akauliza.

Kengele kama ile niliwahi kuivaa mimi, mtoto wa darasa la tatu. Kila asubuhi tulikimbia mchakamchaka hadi kwenye makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, kisha tukarudi. Aliyefika mwisho alivishwa kengele shingoni mpaka jioni. Nikiinama kuandika, inalia.

"Ng'ombe mvivu lazima tusikie alipo," mwalimu alisema, na shule nzima ikacheka. Hata nikikutana naye leo, shikamoo yangu haipati.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kukimbia, mbavu zinachoma, vumbi la makarasha limejaa kooni. Siku ya nne nilikaa chini njiani nikasema sikimbii tena. Rafiki yangu wa dawati moja, mwepesi kuliko wengi, alirudi akanishika mkono.

"Inuka, tukimbie pole pole."

Tulikimbia hivyo, mkono kwa mkono, hadi karibu na geti la shule. Hapo nikauchomoa mkono wangu, nikamtangulia hatua mbili.

Kengele akavishwa yeye. Mwalimu akarudia maneno yake yale yale, shule nzima ikacheka.

Mimi nilicheka kuliko wote.