Aliyetuchungia Ng'ombe Tupate Kusoma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo uzee huu wote haujaweza kuninyang'anya. Nilikuwa msichana mdogo kwetu Ziba, nachunga ng'ombe wa baba. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Shule ilikuwa imefunguliwa jirani nasi, vyumba vya udongo na nyasi walivyojenga wazazi wenyewe, lakini mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, sina kaka, na zizi lilikuwa langu. Basi kila siku niliwaswaga ng'ombe kupitia karibu na shule ili niwasikie wenzangu wakisoma kwa sauti. Siku hiyo nilisikiliza mno. Ng'ombe wakaingia shamba la shule, wakala mihogo.

Jioni mwalimu wa shule ile akaja nyumbani. Nikajificha nyuma ya zizi, nikijua fimbo zangu zimefika. Kumbe hakuja kwa ajili ya mihogo.

"Baba Milembe," alisema, "mtoto wako anasoma kwa masikio kila siku. Mlete asome na kwa macho."

Baba hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Mguu wake mmoja ulikuwa umelemaa, na ng'ombe wale ndio waliotulisha. Akauliza, "Nikimleta, ng'ombe atachunga nani? Utachunga wewe, Mwalimu?"

Aliyejibu alikuwa mzee Ngassa, jirani yetu, aliyekuwa amekaa pale akisugua ugoro kiganjani.

"Nitachunga mimi."

Mzee Ngassa alikuwa mgane, na watoto hakujaliwa. Ng'ombe wake walikwisha kwa maradhi siku nyingi. Katika mikutano ya kijiji hakuna aliyemgeukia kumuuliza, "Nawe wasemaje?" Baba akacheka kidogo.

"Mzee wangu, mkono mtupu haulambwi. Mimi sina cha kukupa. Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani, akarudi na mabega yamechubuka, na sijui mizigo ile ilimfaa mtoto gani. Mimi kutembea nyuma ya ng'ombe wako, mtoto huyu apate kusoma, kutanishinda nini?"

Ndivyo nilivyoingia shule. Kila asubuhi nilipokutana naye nilimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akajibu, "Marahaba. Nenda, usichelewe." Maneno mengine hakuwa nayo. Wazazi wengine walipoona hivyo nao wakamwomba, akakubali, hata darasa likajaa watoto tunaonuka maziwa na samadi. Wapo waliomcheka kwamba mzee mzima amegeuka mtoto wa machungani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo tunaisema tukiwa tumekaa, mwanangu. Yeye aliitembea kwa nyayo zilizopasuka.

Kisha zikaja mvua za kwanza. Jioni moja mzee Ngassa alirudi amelowa tope hadi kifuani. Maksai mmoja wa baba alikuwa amezama katika tope la mbuga. Mzee alihangaika naye mpaka nguvu zikamwishia, na yule maksai akafa. Jozi ikavunjika, na kulima ndiyo kwanza kumeanza. Bila jozi, jembe la kukokotwa lilikuwa chuma tu cha kulaliwa na kuku.

Baba hakumtukana. Alisema tu, "Kuanzia kesho Milembe atachunga mwenyewe." Mama akathubutu, "Maksai amekufa, baba Milembe. Basi na mtoto afe naye?" Baba akaingia ndani.

Asubuhi nilitoka kwenda zizini nikasikia jembe likigonga ardhi. Mzee Ngassa alikuwa shambani kwetu, peke yake, analima kwa jembe la mkono. Ng'ombe hutolewa umande ukikauka, naye alitaka kulima kwanza, kisha aende kuchunga. Mgongo ule uliopinda, na shamba lile lilivyo kubwa! Huruma ikanikamata. Nikachukua jembe la mama, nikasimama kando yake.

"Nani amekuita hapa?" akauliza.

"Nimekuja kukusaidia, babu. Baba amesema nisiende tena shule."

Akainuka. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya hapo, wala baada ya hapo.

"Baba yako amesema hivyo kwa kuwa shamba halijalimwa. Ninalima asiwe na sababu. Sasa ukishika jembe, hapa tutakuwa wakulima wawili na darasani hakuna mtu. Nitakuwa nimelima bure, nimechunga bure. Unataka kunisaidia? Nenda ukakae darasani usome!"

Sikujua kwamba baba alikuwa nyuma yetu, ameegemea fimbo yake.

"Mzee," alisema baba, "shamba hili utalimaliza lini?"

"Sijui. Lakini nimekwisha kuanza."

Baba akalitoa jembe mikononi mwangu. "Nenda shule," akasema bila kunitazama. Nilipogeuka njiani nilimwona akichechemea kwenye tuta la pili. Na niliporudi mchana, wazazi wa wale watoto wengine walikuwa shambani kwetu, wake kwa waume. Shuleni tulikuwa tukiuimba ujamaa. Siku ile niliuona ukiwa na matope miguuni.

Nilisoma, nikafaulu, nikapata nafasi katika shule ya wasichana Tabora mjini. Siku ya kuondoka, kijiji kizima kilikuja kuniaga, isipokuwa mzee Ngassa. Lori lilipofika mbugani nikamwona kwa mbali, amesimama katikati ya ng'ombe. Nilipunga mkono mpaka vumbi likamfunika. Sijui kama aliniona. Alifariki kabla sijamaliza masomo, na mimi nikawa mwalimu, nikafundisha katika shule ya Choma hadi nikastaafu.

Mwanangu, juzi nilikusikia ukisema utawasaidia watoto wa wenzio ukishapata. Ukishapata nini? Anza na ulicho nacho: chumba kimoja cha kulaza mtoto anayetoka mbali, saa moja ya kumfundisha hesabu, hata miguu yako tu, kama mzee Ngassa. Usimwite mbele za watu ili uonekane umempa. Na ukiwa wewe ndiye unayesomeshwa na jasho la watu, usiinamishe kichwa, wala usikimbilie kulipa leo. Soma sawasawa. Aliyekupa anataka hilo kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe afya na riziki ya halali, akuondolee kiburi cha kutoa na aibu ya kupokea, na asikuache uzeeke bila kumfaa mtoto usiyemzaa. Amina.